Kwa nini limfosaiti hunata kwenye mshipa wa tezi ya limfu, ilhali neutrofili hupita?

Mwanafunzi wa Maabara, Nyegezi

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu. Ninasoma sayansi ya maabara hapa Mwanza, na katika slaidi ya tezi ya limfu tumeonyeshwa vena ndogo ambayo seli za ukuta wake hazikuwa bapa kama ilivyozoeleka, bali nene na zilizosimama, na katikati yake zilikuwamo limfosaiti, yaani aina ya seli nyeupe za kinga, zinazovuka kutoka kwenye damu. Ninaomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, limfosaiti inayosukumwa na damu inawezaje kusimama hapo tu, na isisimame kwenye kapilari ilizopita muda mfupi kabla? Pili, kwa mtu mzima neutrofili ndizo nyingi zaidi kati ya seli nyeupe za damu, na tumefundishwa kwamba nazo zina molekuli za kunatia. Mbona ndani ya tezi yenye afya hazionekani?

Mhadhiri Mstaafu, Capri Point

Marahaba, ndugu yangu. Mwaka 1964 mtafiti Gowans na mwenzake Knight, wakitumia panya, walionyesha kwamba limfosaiti huingia kwenye tezi kupitia vena hizo nene, kisha hurudi kwenye damu kwa njia ya limfu. Mwaka 1976 Stamper na Woodruff wakakata tezi iliyogandishwa kuwa vipande vyembamba, wakaweka limfosaiti hai juu yake katika baridi huku wakizizungusha taratibu, nazo zikanata juu ya vena hizo. Ninalithamini sana jaribio hilo, kwa kuwa linathibitisha kwamba kinachotambuliwa kimo kwenye ukuta wenyewe, hata baada ya tezi kufa.

Kinachotambuliwa kwanza ni sukari. Seli nene za vena hizo hutengeneza protini zilizovikwa minyororo ya sukari yenye salfeti, fukosi na asidi ya siali, na kwenye ncha za vijinywele vya limfosaiti ipo protini ya kunatia iitwayo selektini L, ambayo huishika sukari hiyo. Mshiko huo ni dhaifu na hufunguka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, lakini kabla seli haijachukuliwa na damu mshiko mwingine huwa umeshafungwa mbele yake, hivyo seli huviringika polepole juu ya ukuta. Tena mshiko huu unahitaji msukumo wa damu ili udumu: mtiririko ukishuka chini ya kiwango fulani, seli huachia. Kapilari hazina sukari hiyo, na ndiyo sababu limfosaiti huzipita bila kushikwa.

Wala ukuta huo haudumu wenyewe. Mishipa inayoleta limfu kwenye tezi ikikatwa, seli zake nene hunywea na kuwa bapa, na limfosaiti zinazoingia hupungua, kwa sababu seli za vena hutegemea ishara za seli za kinga, hasa seli za dendriti zinazofika pamoja na limfu kutoka kwenye ngozi na tishu nyingine.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito. Neutrofili nazo zina selektini L, nazo huviringika humo humo. Tofauti inaanzia hatua inayofuata. Juu ya ukuta huo pamebandikwa kemokini, yaani protini ndogo ya kuzipa seli ishara, iitwayo CCL21, na limfosaiti ina kipokezi chake, CCR7. Vikikutana, ishara hupita ndani ya seli, na integrini LFA-1, protini nyingine ya kunatia ya limfosaiti ambayo ilikuwa imejikunja, hunyooka na kuikamata kwa nguvu protini ya ukutani iitwayo ICAM-1. Hapo ndipo limfosaiti husimama kabisa, hutambaa, kisha hupenya. Neutrofili katika hali ya kawaida haina CCR7, kwa hiyo ishara haiji, integrini zake hazinyooki, nayo huendelea kuviringika mpaka damu iichukue. Ninakusihi usitafute molekuli moja ya kujibu swali lako, kwa maana ukuta huamua kwa mfuatano wa hatua, na hatua moja ikikosekana seli hupita.

Tabibu, Sengerema

Ninaafiki maelezo ya Mwalimu, nami ninaongeza ushahidi ambao sisi tunaotibu watoto tunauona bila hadubini ya utafiti. Mtoto mwenye kifaduro mara nyingi huwa na limfosaiti nyingi mno katika kipimo cha damu. Sumu ya bakteria wa kifaduro hukata ile ishara inayotoka kwenye CCR7 kuelekea ndani ya seli, hivyo limfosaiti huviringika lakini haziwezi kusimama wala kuingia kwenye tezi, na hubaki zikizunguka katika damu. Ongezeko hilo, kwa sehemu kubwa, ni la seli zilizokosa mahali pa kuingilia, na ni vyema anayesoma majibu ya maabara alijue hilo kabla ya kuanza kuhofia saratani ya damu.

Mwanafunzi wa Maabara, Nyegezi

Ninawashukuru sana, Mwalimu na Daktari. Limebaki jambo moja. Tumesoma kwamba katika malaria kali seli nyekundu zenye vimelea hunata kwenye ICAM-1 hiyo hiyo, hata katika mishipa ya ubongo. Je, zinapitia hatua hizi?

Mhadhiri Mstaafu, Capri Point

Hapana, mwanangu, na umeuliza jambo linalotugusa sana sisi wa Kanda ya Ziwa. Seli nyekundu haina LFA-1. Kimelea cha falsiparumu hupeleka protini yake, PfEMP1, juu ya seli iliyoambukizwa, na baadhi ya aina za protini hiyo hushika ICAM-1 bila kungoja ishara ya kemokini. ICAM-1 ipo katika mishipa ya viungo vingi na huongezeka panapokuwa na uvimbe, kwa hiyo peke yake haiwezi kuitambulisha tezi kwa limfosaiti, lakini inatosha kumpa kimelea pa kujishikiza. Tena seli hiyo haipenyi ukuta. Hubaki ndani ya mshipa, ikazuia damu kupita, na kwa kufanya hivyo kimelea hukwepa kufika kwenye wengu, ambako seli iliyoambukizwa ingeondolewa.