Velázquez na Juan de Pareja: ile picha ilimpa heshima nani?

Mleta mada

Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Kila inapowekwa ile picha ya Juan de Pareja, iliyochorwa Roma mwaka 1650 na Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme Felipe IV wa Hispania, maoni huwa ni yale yale: "Oneni bwana alivyompenda mtumwa wake." Safari hii imeongezwa na nyingine, kwamba sisi tunaotaja utumwa tunaichafua sanaa. Mimi naona asiyeutaja utumwa hajaitazama picha yenyewe. Popote inapooneshwa au kufundishwa, maelezo yaanze na mambo mawili: Velázquez alimmiliki mtu huyu, na mtu huyu naye alikuwa mchoraji.

Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, yapata mwaka 1608, na alikuwa na asili ya Kiafrika. Kazi yake kwa Velázquez ilikuwa kusaga rangi, kuwamba turubai na kumtumikia bwana wake. Velázquez alipotumwa Italia mwaka 1649 kumnunulia mfalme picha na sanamu, alikwenda naye. Huko ikaja nafasi ya kumchora Papa Innocent X. Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anasema kabla ya kumkabili Papa, Velázquez alitaka kwanza kuupasha mkono wake moto, akamchora Pareja. Kisha akamtuma Pareja huyo huyo aipeleke picha kwa marafiki waione. Wakawa wanaitazama turubai, wanamtazama mtu, hawajui wamsemeshe yupi.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya mchoraji, nasi tunakipita haraka. Kitazameni upya. Mtu anaingia nyumba za watu amebeba sura yake mwenyewe, wenyeji wanamkagua yeye kisha wanaikagua picha kuona kama zimelingana, halafu sifa zote zinakwenda kwa mwingine ambaye hata hayupo pale. Tarehe 19 Machi 1650 picha ikatundikwa Pantheon, lile hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa, wachoraji wa Roma wakaistaajabia. Wakati huo aliyechorwa bado ni mali ya mtu.

Sikatai kwamba ni picha kubwa. Ile kola nyeupe ya lesi, mkono uliopita kifuani, macho yanayomkazia mtazamaji bila kuomba chochote. Mimi huwa naitazama muda mrefu. Ila uzuri wa picha na wema wa bwana ni vitu viwili, na tumezoea kuutumia ule wa kwanza kuthibitisha wa pili.

Wema tuupime kwa hati. Velázquez alitia saini hati ya kumwacha Pareja huru hapo hapo Roma, tarehe 23 Novemba 1650, miezi minane baada ya sifa za Pantheon. Lakini uhuru haukuanza siku ile. Hati inamtaka aendelee kutumika miaka minne mingine, na katika muda huo asitoroke wala asitende kosa la jinai. Habari hii haikujulikana hadi mtafiti Jennifer Montagu alipoichapisha hati mwaka 1983. Kabla ya hapo watu walitegemea kisa kingine cha Palomino: kwamba Pareja alijifunza kuchora kwa siri, akaiegemeza picha yake ukutani ikiwa imegeuzwa, mfalme akaigeuza, akatamka kuwa mwenye kipaji kama hicho hawezi kuwa mtumwa. Kisa kitamu. Kinawatakasa mfalme na bwana kwa pamoja. Hati ndiyo inayotuambia habari za miaka minne.

Halafu kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Velázquez alihangaika miaka mingi kupata uungwana rasmi, ile nishani ya Santiago yenye msalaba mwekundu, ambao leo unaonekana kifuani pake ndani ya *Las Meninas*, picha yake mashuhuri ambamo alijichora mwenyewe. Masharti yalikuwa magumu: nasaba safi, na asiwe mtu anayeishi kwa kazi ya mikono. Wachoraji wenzake, akiwemo Zurbarán, walisimama mashahidi kwamba hakuwahi kuwa na duka wala kuuza picha. Hata hivyo ushahidi wa ukoo haukutosha, ikabidi Papa Alexander VII atoe ruhusa maalumu, na akaipata mwishoni mwa mwaka 1659, miezi michache kabla ya kufa Agosti 1660. Sasa niambieni: mtu anayejitetea kwamba mikono yake haikufanya kazi ya kibarua, rangi zake nani alizisaga? Hadhi ile ilikalia mikono ya Pareja na wasaidizi wengine. Huwezi kuusimulia ule msalaba mwekundu ukaiacha mikono hiyo nje.

Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Mdau wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa umezidisha. Huyu ni mtu wa karne ya 17. Alizaliwa Sevilla mwaka 1599, mji uliokuwa na watumwa kila mtaa. Angeonaje tofauti? Na tazama alichofanya kwa brashi. Wachoraji wengine walimweka mtu mweusi pembeni ameshika sinia, ukubwa wake uwe kipimo cha ukubwa wa bwana. Velázquez alimweka peke yake, katikati, kwa uzito ule ule aliompa Papa. Vibete wa ikulu nao aliwachora kama watu kamili, hakuwafanya kichekesho. Brashi yake iliona utu kabla ya sheria kuuona. Ukianza maelezo na neno "mmiliki," mtazamaji atahukumu kabla hajatazama.

Mdau wa pili

Naunga mkono mleta mada kwa sehemu. Shida yangu ni kwamba hata ninyi wawili mnabishana kuhusu Velázquez tu. Picha za Pareja mwenyewe nani amezitaja?

Mleta mada

Mdau wa pili, umenikumbusha la msingi, nitalifikia.

Mdau wa kwanza, kuhusu brashi tunakubaliana kabisa. Kuhusu "angeonaje tofauti," hapana. Tomás de Mercado, mtawa wa Kidominika, alichapisha Sevilla hiyo hiyo mwaka 1571 akishutumu wazi hila na ukatili wa biashara ya kuwaleta Waafrika. Hiyo ni miaka 28 kabla Velázquez hajazaliwa. Waliokuwa wanaliona jambo hili walikuwepo, tena mjini kwake. Na kama unavyosema, yeye alikuwa na jicho kali kuliko wote. Jicho lililouona utu wa Pareja kiasi kile, kisha mkono ukaandika "miaka minne mingine," hilo ndilo linalonifanya nisitulie.

Sasa kazi za Pareja. *Kuitwa kwa Mathayo*, ya mwaka 1661, iko makumbusho ya Prado, Madrid. Ni turubai kubwa, imejaa watu, mazulia na vyombo vya thamani, rangi zake zina mng'ao wa Kiitalia na hazifanani na za Velázquez hata kidogo. Ukingoni kushoto kajichora mwenyewe amesimama, kashika karatasi yenye jina lake. Iko *Kukimbilia Misri* ya 1658, iliyoko Sarasota, Florida, na *Ubatizo wa Kristo* ya 1667. Alifariki Madrid mwaka 1670.

Miaka ya 1920 Arturo Schomburg, mkusanyaji mweusi mzaliwa wa Puerto Rico, alisafiri kutoka New York hadi Hispania kuzifuatilia kazi za mtu huyu. Mwaka 1970 picha aliyochorwa Pareja iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 2.3, picha ya kwanza kuvuka pauni milioni moja mnadani, ikaenda makumbusho ya Metropolitan, New York. Makumbusho hayo yalikuja kufanya onesho la kazi za Pareja mwenyewe mwaka 2023. Ndiyo, wamefanya, na nawapongeza. Lakini hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Kwa hiyo mdau wa kwanza, nakuuliza moja kwa moja: ukipewa kuandika mistari mitatu chini ya picha ile, neno "mchoraji" utampa Velázquez peke yake, au wote wawili?