Vibua wamemwasha mume wangu mdomo ilhali waliiva. Ni mzio?

Mama_Umoja
Hamjambo wanajukwaa. Jana jioni mume wangu alinunua vibua kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Nikawakaanga mpaka wakakauka. Hata kabla hajanawa mikono, midomo ilianza kumwasha kama kala pilipili, uso ukapata joto, moyo ukaenda mbio. Kufikia usiku wa manane alikuwa ametulia. Ngege na sangara hula kila wiki bila taabu. Niwaache vibua kabisa?

BintiVanga_Eastleigh
Pole sana dada, na mpe pole shemeji. Mimi nauza samaki wa bahari hapa Nairobi, na huniuma kibua akisingiziwa. Hiyo yaelekea ni histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Nyama ya kibua, kama ya jodari, ina histidini nyingi (kijenzi kimoja cha protini). Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini. Ikishaingia haitoki kwa kukaanga, kwa ndimu wala kwa friza. Na samaki mwenyewe anaweza asinuke hata kidogo!

Kwa hiyo kabla ya bei, uliza barafu. Mombasa hadi hapa ni karibu kilomita 500, na barafu ikikatika popote njiani, basi. Mfunue mashavu uone wekundu, tazama jicho kama limejaa, kisha mshike tumbo. Kibua huchuja vidudu vya baharini kwa nyuzi ndefu za mashavuni (mpanue mdomo utaziona), na tumbo lake huwahi kupasuka. Likishapasuka, mwache hapo hapo.

Muuguzi_Kayole
Naunga mkono, ila mzio wa kweli nao upo na dalili hufanana. Akikosa pumzi au ulimi ukivimba, mkimbizeni hospitali. Hata hii ya jana, amweleze daktari kabla ya kula tena.

Mama_Umoja
Asanteni mno. Daktari akiruhusu, wa friza wanafaa?

BintiVanga_Eastleigh
Wanafaa sana, ikiwa waligandishwa wakiwa wabichi. Mwache ayeyukie ndani ya friji, si juu ya meza, na umpike siku hiyo hiyo. Mchanje mbavuni, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mchome kwa makaa, halafu mmiminie tui zito lenye ukwaju.