Programu ya orodha ya barua pepe imewafungia wanachama wetu 893, wengi wao wasio na kosa, na lawama zote naletewa mimi msimamizi

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa miaka tisa nimesimamia bila malipo orodha ya barua pepe ya walimu na wafasiri wa Kiswahili walioko Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Ujerumani, ambayo hadi mwezi uliopita ilikuwa na wanachama 1,840. Ni orodha ya kawaida kabisa: mwanachama anatuma barua kwenye anwani moja, programu inaisambaza kwa wenzake wote, na nakala inawekwa kwenye kumbukumbu.

Jumatatu iliyopita asubuhi alinipigia simu mwalimu mmoja mstaafu wa Mwanza. Nilipomwamkia hakuitika "Marahaba" kama ilivyo kawaida yake, bali aliniuliza tu, "Mwanangu, nimewakosea nini hata mkanitoa?" Nilimwapia kwamba hakuna aliyemtoa. Nikafungua ukurasa wa usimamizi huku yeye akisubiri kwenye simu, nikakuta mbele ya jina lake kisanduku cha kusitisha barua kimetiwa tiki. Jina la chini yake nalo lilikuwa na tiki, na la chini ya hilo pia. Nilipomaliza kuhesabu siku ile walikuwa 893.

Nimekifuatilia chanzo chake hadi mwisho, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu naamini wapo wasimamizi wengine wanaopoteza watu kila wiki bila kujua. Mmoja wa wanachama wetu huandika kwa anwani ya ofisi yake, na kikoa cha ofisi hiyo (ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) kimetangaza kupitia DMARC, utaratibu wa kuthibitisha watumaji wa barua, kwamba barua yoyote yenye jina lake isiyo na uthibitisho ikataliwe. Orodha yetu, kama zilivyo orodha nyingi, huongeza jina la orodha mwanzoni mwa kichwa cha habari na mistari miwili ya maelezo mwishoni mwa barua. Badiliko hilo dogo linatosha kuharibu sahihi ya DKIM, yaani muhuri wa kidijitali unaoonyesha kwamba barua haikubadilishwa njiani, iliyotoka na barua ya mwandishi, na kwa kuwa barua sasa inatumwa na seva yetu badala ya ile ya ofisi yake, SPF nayo, ile orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, haimsaidii. Seva za wapokeaji zikaikataa kama zilivyoagizwa na mwenye kikoa, na hapo hazikukosea. Iliyokosea ni programu yetu, ambayo kila barua iliyorudishwa iliihesabu kuwa ni dosari ya mpokeaji, ikampa pointi moja kwa siku, na pointi zilipotimia tano ikamfungia. Mjadala wetu wa istilahi za mahakama ulikuwa umenoga, ukaenda siku tano mfululizo, na ndugu yetu huyo alichangia kila siku. Waliosalimika ni hasa wale waliochagua kupokea barua za siku nzima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mkupuo huo hutoka kwa jina la orodha yenyewe.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Watu karibu 900 wanakataa barua ya mtu yuleyule, siku ileile, kwa maneno yaleyale kutoka kwenye seva zao, na programu inashindwa kutambua kwamba tatizo ni moja! Hata mtoto wa darasa la nne angeuliza kulikoni. Programu haikuuliza, haikusimamisha adhabu ikaniarifu kwanza, na wala haikuhifadhi yale maneno ya kukataa ambayo yangenionyesha kosa kwa dakika mbili. Iliwapelekea wanachama taarifa ya Kiingereza kwa jina langu, na kwa wengi wao ikaishia kwenye kabati la barua taka.

Wala mtu asiniambie kwamba jambo hili ni geni. Yahoo walianza kutangaza sera ya kukataa kwa anwani zao Aprili 2014, AOL wakafuata mwezi huohuo, na orodha za dunia nzima zikayumba kwa namna hii hii niliyoieleza. Dawa yake ilipatikana mapema: pale kikoa cha mwandishi kinapodai uthibitisho, orodha iweke anwani yake yenyewe kwenye sehemu ya mtumaji, na anwani ya mwandishi iwekwe kwenye sehemu ya kujibu. Programu ya orodha iitwayo Mailman iliongezewa uwezo huo mwaka uleule wa 2014. Hata hii ya kwetu inao. Nimeukuta ndani ya ukurasa wa mipangilio ya faragha, umezimwa, bila neno hata moja la kumwonya msimamizi kwamba akiuacha hivyo wanachama wake watafungiwa. Kwa nini kinga iliyojulikana miaka yote hii ije imezimwa, na adhabu ije imewashwa?

Kuwarudisha nako ni adhabu nyingine. Ukurasa wa wanachama unaonyesha majina 30 kwa mara moja, kwa hiyo orodha yetu ina kurasa 62. Hakuna njia ya kuuliza, "Nionyeshe waliofungiwa na programu tangu Jumamosi." Unaondoa tiki mojamoja, unashuka hadi chini kabisa, unahifadhi, unasubiri, unafungua ukurasa unaofuata. Kwenye simu jedwali halienei, na kisanduku cha kusitisha barua kiko jirani kabisa na kile cha kumfuta mwanachama. Nimekesha siku mbili kwa kazi ambayo ingehitaji kitufe kimoja.

Kuna jambo la mwaka jana ambalo sijalisamehe. Mwenzetu wa Tanga alifiwa na baba yake siku ya Ijumaa. Jioni ile mdogo wake, ambaye naye ni mwanachama wa miaka sita, alituma tangazo la msiba pamoja na picha ya marehemu. Kikomo cha ukubwa wa barua tulichokikuta kimewekwa ni kilobaiti 40, kipimo ambacho picha moja ya simu za leo hukipita mara hamsini, na tangazo likazuiliwa. Taarifa ya kuzuiliwa kwake niliipata usiku wa manane ndani ya barua moja iliyoorodhesha pia barua taka 46, zote zikiwa kwenye mstari mmoja, za mwanachama na za mpita njia, bila tofauti yoyote. Niliiona Jumapili. Mazishi yalifanyika Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, na wenzetu watatu wanaoishi Tanga hiyohiyo hawakujua. Mfiwa aliniambia hana kinyongo. Mimi ninacho, kwa sababu programu ilimjua aliyeandika, ilijua amekuwa nasi miaka sita na hajawahi kutuma upuuzi, na bado ikamfukia chini ya matangazo ya dawa na mikopo.

Tuko wasimamizi wanne na tunatumia nenosiri moja. Barua ikifutwa, hakuna anayeweza kujua ni nani kaifuta wala lini. Mmoja wetu akijiuzulu, tunabadilisha nenosiri na kupigiana simu kupeana jipya. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, ya Kenya tangu 2019 na ya Tanzania tangu 2022, lakini mwanachama akiomba namba yake ya simu iondolewe kwenye barua ya zamani, inabidi mtu aingie kwenye seva, ahariri faili zima kwa mkono, kisha ajenge kumbukumbu upya, na asipokuwa mwangalifu viungo vya barua zote zilizofuata hubadilika namba.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wa barua nyingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na Google wamelitaja hilo kwa yeyote anayepeleka zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenye Gmail. Msidhani hizo ni habari za makampuni makubwa tu. Wanachama wetu wanaopokea barua mojamoja kupitia Gmail ni karibu 900; siku yenye mazungumzo ya barua sita, tumeshavuka. Kanuni ya kiufundi ya mbofyo huo, RFC 8058, ilichapishwa mwaka 2017. Programu yetu bado inampeleka mtu kwenye ukurasa unaomdai nenosiri ambalo hakumbuki kama aliwahi kupewa, naye anaona heri abonyeze kitufe cha barua taka, na hapo tunaumia sote.

Najua nitaambiwa kwamba programu nyingi za namna hii ni za bure na zinatengenezwa na watu wanaojitolea. Nawaheshimu, kwa maana mimi pia najitolea. Lakini kampuni inayotutunzia orodha tunailipa kila mwaka, na imetuacha kwenye toleo linalotegemea Python 2, lugha ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Najua pia nitaambiwa tuhamie WhatsApp. Kundi la WhatsApp linaishia watu 1,024, linaanika namba ya kila mmoja mbele ya wengine, na mwanafunzi atakayetaka kusoma mjadala wetu wa mwaka 2017 kuhusu istilahi za kompyuta hataupata humo.

Ninachodai kinatekelezeka. Programu isimfungie mwanachama bila kuniandikia sababu kwa maneno ya seva iliyokataa. Wengi wakikataa kwa pamoja, isimamishe hesabu yake na iniamshe mimi. Barua ya mwanachama wa siku nyingi inayosubiri idhini ije peke yake, nami niweze kuiruhusu kwa kuijibu kutoka kwenye simu nikiwa ndani ya daladala. Na kila msimamizi aingie kwa jina lake.

Nimeiandikia kampuni hayo yote mara tatu tangu Jumatatu, nikaambatisha orodha ya waliofungiwa, na sijajibiwa. Kama kuna anayetumia huduma ambayo tayari inafanya haya, tafadhali aitaje hapa pamoja na gharama yake. Hadi saa hizi nimewarudisha watu 702. Waliobaki ni 191, na siwezi kuwafungulia wote kwa mkupuo, kwa sababu miongoni mwao zimo anwani zilizokufa zamani na programu haikuandika nani alifungiwa lini wala kwa kosa gani. Kwa hiyo nawapigia simu mmoja mmoja, na leo nimefika herufi ya M.