Mjadala: Nyumba za bei nafuu za halmashauri, na maoni yanayoombwa kiwanja kikiwa kimekwisha kuchaguliwa

Mleta mada (Sombetini, Arusha)

Halmashauri inapoamua kujenga nyumba za bei nafuu kwa fedha za umma, wakazi wa eneo husika waulizwe lini kuhusu athari za mradi kwa mazingira yao? Ninachokiona katika miji yetu ni kwamba wanaulizwa mwishoni, kiwanja kikiwa kimekwisha kupatikana, michoro imekwisha kuchorwa na bajeti imekwisha kupitishwa na madiwani. Msimamo wangu ni kwamba maoni yanayochukuliwa wakati huo hayana kazi, na kwamba mwananchi anapaswa kusikilizwa kabla eneo halijachaguliwa. Najua wapo watakaosema kuwa nataka kuwachelewesha wanyonge wasipate nyumba. Mimi mwenyewe ni mpangaji wa vyumba viwili, nalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba anapoiongeza sina pa kukimbilia. Nyumba hizo nazitaka.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wadau katika mtaa mmoja wa kusini mwa jiji, ambao siutaji, kuhusu mradi wa majengo ya umma, ambao nao siutaji. Ilikuwa mwezi wa pili, vumbi tupu. Orodha ya mahudhurio ilizungushwa kabla mtu hajasema neno: jina, namba ya simu, sahihi. Mshauri mwelekezi, yaani mtaalamu aliyepewa kazi ya kuandika ripoti ya athari za mradi kwa mazingira, alipomaliza maelezo yake, bibi mmoja aliinuka akasema kuwa pale panapopendekezwa maji hupita masika, kisha akatuomba twende naye hatua chache hadi kwake. Ukutani, usawa wa kizingiti cha dirisha, palikuwa na mstari wa tope lililokauka, ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Aliweka kiganja juu ya mstari ule akasema, "Yaliishia hapa, nikiwa nimempandisha mjukuu juu ya kabati." Mshauri alimsikiliza kwa adabu, akajibu kwamba hoja imepokelewa ila michoro imekwisha kukamilika.

Baadaye niliomba kuisoma ripoti. Ilikuwa ya Kiingereza, nene, na maneno ya bibi yule yalikuwa yamebaki sentensi moja isemayo kwamba wananchi waliupokea mradi vizuri na kushauri mifereji iboreshwe. Orodha ya mahudhurio ilikuwa imeambatishwa nyuma, na sahihi yangu ilikuwamo. Mpaka leo inaniuma kwamba jina langu linahesabiwa miongoni mwa walioridhia.

Wala si kwamba sheria imenyamaza. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharamiwa. Kanuni za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinaeleza jinsi wananchi wanavyopaswa kufikiwa kwa mabango, gazeti, redio na mikutano, na zinataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili pia. Kasoro iko kwenye mpangilio wa mambo. Neno "kabla" limekuwa likisomwa kama kabla ya tingatinga kufika, wakati uamuzi mkubwa kuliko yote, yaani wapi pajengwe, umekwisha kufanywa katika vikao ambavyo mkazi hakualikwa.

Na Arusha "wapi" ndilo jambo lenyewe. Jiji limelala chini ya Mlima Meru, likikatwa na mito ya Themi, Naura, Ngarenaro na Burka pamoja na makorongo yasiyo na majina kwenye ramani, ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni njia za mbuzi na watoto wa shule. Mvua ikinyesha juu mlimani, korongo la chini hujaa hata kama huku chini jua linawaka. Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya namna hiyo hapa jijini, na watoto wakapoteza maisha. Sheria inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini mtu aliyekuja kupima Februari hawezi kujua ukingo wa korongo uko wapi hasa. Anayejua ni yule aliyelala karibu nalo masika kumi. Vivyo hivyo kwa maji ya kunywa. Miamba ya volkano ya Meru ina floridi nyingi, na visima vingi vya ukanda huu huzidi kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mradi wa nyumba ukipelekwa pembezoni kusikofikiwa na bomba la mamlaka, utachimba kisima chake. Mkazi wa hapo atakueleza bila maabara ni kisima kipi kilichofubaza meno ya watoto wake.

Natoa hoja.

Mchangiaji (Pasua, Moshi)

Dada yangu mleta mada, habari ya bibi yule imenigusa, na sitaidharau. Lakini naomba uangalie upande mwingine, kwa sababu mimi ni mwalimu ninayepanga, na nimewahi kukaa katika mikutano ya mtaa nikasikia yanayosemwa pale.

Kwanza, anayeitwa mkutanoni ni mkazi aliye karibu na kiwanja, na mara nyingi ni mwenye nyumba. Yule atakayekuja kuishi katika nyumba hizo hajulikani bado, yuko mtaa mwingine kabisa, analala chumba kimoja na watoto watatu, na hana wa kumsemea. Kwa hiyo kadiri tunavyoongeza uzito wa maoni ya mazingira, ndivyo tunavyompa nguvu aliye na paa juu ya asiye nalo. Hoja ya mafuriko ni ya kweli, lakini nyuma yake mara nyingi hufuata hoja nyingine inayovaa nguo zake: kwamba "watu wa kota" watashusha thamani ya viwanja, wataleta kelele, watajaza shule.

Pili, tujifunze kwa waliotutangulia. California, Marekani, wana sheria yao ya mapitio ya mazingira tangu mwaka 1970, na mtu yeyote anaweza kuupeleka mradi mahakamani. Chuo Kikuu cha California kilichoko mji wa Berkeley kilikuwa na mpango wa kujenga malazi ya wanafunzi wapatao 1,100 pamoja na makazi ya watu zaidi ya 100 waliokuwa wakilala nje, katika eneo la People's Park. Mwaka 2023 mahakama ya rufani iliukwamisha kwa sababu, pamoja na mengine, kelele za wanafunzi hazikuwa zimetathminiwa kama athari kwa mazingira. Bunge la jimbo likalazimika kubadilisha sheria mwaka huohuo, na mwaka 2025 wakaziondoa nyumba nyingi za ndani ya miji katika mapitio hayo. Watu waliokaa na utaratibu huu zaidi ya miaka 50 wanaulegeza, na sisi tunataka kuukaza?

Moshi yetu ni manispaa isiyofika kilomita za mraba 60, imezungukwa na vihamba na mashamba. Hakuna kiwanja kisicho na jirani. Tukimwuliza kila jirani kabla hatujachagua, tutachagua lini?

Mchangiaji (Kiboriloni, Moshi)

Mwalimu amesema kweli kuhusu wapangaji. Mimi nauza mitumba sokoni, nimepanga miaka minane katika mtaa mmoja, na sijawahi kuitwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa kwa jina langu. Balozi hupita kwa mwenye nyumba. Kama mnataka maoni, tangazo libandikwe sokoni na stendi, si kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji peke yake.

Mchangiaji, mstaafu wa idara ya mazingira (Njiro, Arusha)

Wanangu, niongeze mambo mawili, kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya.

La kwanza, si kila mradi hupitia tathmini kamili. Tangu marekebisho ya mwaka 2018 miradi huwekwa katika makundi: ile ambayo tathmini ni ya lazima, ile ya katikati inayochunguzwa kwanza ndipo iamuliwe, na ile isiyohitaji, ukiacha kundi maalumu. Ushiriki wa wananchi unategemea sana mradi umeangukia kundi gani, na uamuzi huo hufanyika mapema sana, kwa kutegemea maelezo ambayo mwenye mradi ameyaandika mwenyewe. Nyumba zikigawanywa awamu kwa awamu, kila awamu huonekana ndogo. Hapo ndipo macho ya wananchi yanapohitajika, na ndipo yasipokuwapo.

La pili, mshauri mwelekezi hulipwa na mwenye mradi. Mradi ukiwa wa halmashauri, basi halmashauri ndiyo inayomlipa mshauri, na afisa mazingira anayesimamia ni mwajiriwa wa halmashauri hiyohiyo. Chombo cha taifa kinachosimamia mazingira ndicho kilicho nje ya duara hilo, lakini nacho husoma kilichoandikwa. Sentensi moja ikiandikwa vibaya kijijini au mtaani, aliye ofisini hana njia ya kuiona tope iliyoko ukutani.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kulitaja jambo la awamu. Sikuwa nimelifikiria, na linaipa hoja yangu uzito kuliko nilivyoileta.

Mwalimu, nakubali bila kusitasita kwamba mkutano wa majirani peke yao si sauti ya wananchi. Nilikosea kuandika "wakazi wa eneo husika" na kuishia hapo. Anayesubiri nyumba naye ni mhusika, na kama halmashauri ina orodha ya waombaji, basi waitwe kwa orodha hiyo, siku moja na majirani, chini ya mti mmoja. Jirani akisema "watashusha thamani ya kiwanja changu", aseme mbele ya mama anayelala na watoto watatu chumba kimoja. Tena hoja hiyo si ya mazingira, na anayeandika ripoti aruhusiwe kuiweka kando na kueleza kwa maandishi kwa nini ameiweka kando.

Lakini Berkeley yenyewe naomba tuisome hadi mwisho. Mahakama ile ya rufani haikuzungumzia kelele tu. Ililaumu pia kwamba chuo hakikuchunguza ipasavyo maeneo mengine ambako malazi yale yangeweza kujengwa. Swali la "kwa nini hapa?" liliulizwa mahakamani kwa sababu walalamikaji waliona halikujibiwa vya kutosha mapema, na kuuliza mahakamani ndiko kunakokula miaka. Mimi nataka liulizwe mtaani, wakati kujibu bado ni rahisi.

Na Marekani hiyohiyo ina utaratibu mwingine, ulio karibu zaidi na mada yetu. Mji unaopewa fedha za serikali kuu kwa ajili ya nyumba za bei nafuu hubeba wenyewe jukumu la mapitio ya mazingira, kama halmashauri zetu zinavyojisimamia. Lakini mpaka mapitio yakamilike, hauruhusiwi kununua ardhi ya mradi wala kuanza kujenga, kwa maana ukishanunua umekwisha kujifungia njia nyingine. Jalada la mapitio huwa wazi kwa yeyote. Pale ambapo tathmini ya mazingira imefanyika na kuonekana kuwa hakuna athari kubwa, tangazo huchapishwa, wananchi hupewa siku 15 za kutoa maoni, kisha siku nyingine 15 za kuwasilisha pingamizi wizarani kabla fedha hazijaachiwa. Siku zenyewe ni chache, Mwalimu, wala si miaka. Kinachozifanya ziwe na maana ni kwamba ardhi haijanunuliwa.

Kuhusu ucheleweshaji, tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walisimama dhidi ya Jiji la Dar es Salaam kuhusu dampo la taka, na Mahakama Kuu ikakataa kuliongezea Jiji muda wa kuendelea kulitumia. Miaka michache baadaye dampo lilikuwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, na wakashinda. Najua dampo si nyumba. Lakini pote pawili tatizo lilikuwa mahali palipochaguliwa, na kutowasikiliza watu wa kwanza hakukuokoa siku hata moja. Kulihamishia kesi mtaa mwingine.

Ninachopendekeza ni hiki. Kabla ya kuchagua, halmashauri ibandike maeneo matatu inayoyafikiria, kwa Kiswahili, sokoni na stendi kama ndugu yetu wa Kiboriloni alivyosema, na kwa kila eneo ieleze maji yatatoka wapi, majitaka yataenda wapi na korongo la karibu liko umbali gani. Watu wapewe siku 30. Kila hoja ijibiwe kwa maandishi na majibu yasomwe katika mkutano wa pili, waliosema wakiwapo, ili mtu aweze kuinuka na kusema "sikusema hivyo". Karatasi ya mahudhurio iwe na safu mbili zaidi: "naunga mkono" na "napinga". Siku hizo 30 zikiisha, hata mimi nitakayekuwa nimepinga nitakaa kimya na kusubiri nyumba. Na kama kalenda ya bajeti inaruhusu, wapimaji wafike mara mbili, kiangazi na masika, maana ukuta wa bibi yule, nilipopita juzi, umepigwa plasta mpya.

Mwalimu, nakurudishia swali: kati ya hayo, lipi hasa unaona litawachelewesha wapangaji wa Pasua?