Tupeane uzoefu: kushusha mikwaju ya gofu ukiwa Tabora au Kigoma, mbali na uwanja

MwembeMkubwa (Isevya, Tabora)

Wakuu, mwangaluka. Wapiga gofu wa huku ni wachache, na uwanja wa mashimo 18 tunauona pale tu mtu anaposafiri kwenda Dar au Arusha. Uzi huu ni wa jambo moja: ufanye nini miezi mitatu uani au kwenye kiwanja cha shule, ili siku ukifika uwanja wa Lugalo, Dar, kadi isome mikwaju 95 badala ya 108. Tuweke vipimo tafadhali. Mita, idadi ya mipira, kosa linatokea wapi na kwa nini. "Jitahidi tu mkuu" haimsaidii mtu.

Naanza na hesabu. Kwenye uwanja wa paa 72 (mikwaju inayotarajiwa kwa mashimo yote 18), anayezidisha mkwaju mmoja kila shimo anamaliza na 90, na hakuna shimo hata moja alilofanya paa. Anayerudi na 108 anazidisha miwili. Huyo hahitaji mikwaju ya kwenye televisheni, anahitaji kutafuta mkwaju mmoja kwa kila shimo na kuufuta. Kwa kawaida umejificha sehemu nne: mpira uliotoka nje ya mipaka, mpira uliogongwa sehemu yake ya juu ukiwa mita 20 kutoka grini (eneo laini lenye shimo) ukavuka upande wa pili, bunka (shimo la mchanga) iliyokula mikwaju miwili, na kusukuma mara tatu ukiwa tayari juu ya grini. Karibu zote hizo zinafanyiwa mazoezi bila uwanja. Karibuni.

NyavuZaKibirizi (Kigoma)

Nianze na wavu, maana Kigoma tunao mlangoni. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67, na tundu la wavu wa dagaa ni dogo mno kuliko hapo. Kwa hiyo kwenye wavu chakavu usihofie tundu, hofia uzi uliooza kwa jua. Shika uzi mmoja kwa vidole, vuta kwa nguvu. Ukikatika mkononi achana nao, mpira wa ayani (fimbo ya chuma) namba 7 utapita kama hakuna kitu mbele.

Simika mirunda miwili ya mita 3.5, nusu mita iingie ardhini. Kati ya nguzo na nguzo pasipungue mita 4. Watu huweka mita 2.5 kuokoa wavu, halafu mpira wa kwanza uliokwenda pembeni unagonga nguzo na kumrudia mpigaji usoni. Hata kwa mita 4, zungushia nguzo godoro bovu la sponji kuanzia chini mpaka juu.

Kosa kubwa zaidi ni kuukaza wavu. Ukikazwa unarudisha mpira kama ngoma. Uning'inize ukiwa umelegea, tabaka mbili, ya nyuma iwe sentimita 30 kutoka ya mbele, na chini uache nusu mita ilale ardhini ili mpira usipenye. Simama mita 3 kutoka kwenye wavu. Nyuma yake kuwe na ukuta au mtaro usiopita mtu. Mpira una uzito wa karibu gramu 46 na unatoka kwa kasi inayoweza kuua mtoto, kwa hiyo kama nyuma kuna njia ya watu, hapo si mahali pa wavu.

Ubaya wa wavu ni kwamba huoni mpira unakoishia. Unaweza kupiga mipira 100 na ukawa unakomaza kosa. Tiba ni mbili. Kwanza, paka uso wa fimbo poda kidogo, piga, angalia alama. Ikikaa kwenye ncha au kwenye kisigino cha fimbo mara kwa mara, umbali wako unapotelea hapo, hata kama mikono ina nguvu. Pili, funga kitambaa chekundu kwenye wavu pale unapolenga. Mpira huanza safari yake kufuata zaidi uso wa fimbo ulikoangalia wakati wa kugonga, kuliko njia ya fimbo ilikoelekea. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ukigonga kulia kwa kitambaa kila mara, uso unafika ukiwa wazi.

Hapa ndipo wengi wanajimaliza. Mtu anaona mpira unapinda kulia, anageuza miguu na mabega alenge kushoto zaidi. Sasa fimbo inapita kwa kukata kutoka nje kuja ndani zaidi ya mwanzo, uso bado uko wazi kulinganisha na njia hiyo, na mpira unapinda maradufu. Anza kurekebisha mshiko. Ukitazama chini, uone vifundo viwili mpaka vitatu vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja tu, kuufunga uso kwa wakati kutakushinda.

Ipuli_77

Mkuu mirunda huku kwetu si chakula cha mchwa tu?

NyavuZaKibirizi (Kigoma)

Ni kweli. Paka oili chafu ile sehemu inayoingia ardhini, iache ikauke siku mbili ndipo usimike. Au tumia bomba la chuma, ila hapo godoro ni lazima.

FundiWaCheyo (Tabora)

Mimi niongelee ardhi. Kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba, kiwanja cha shule Tabora kinakuwa kama sakafu. Weji (fimbo za mikwaju mifupi ya kuinua mpira) nyingi zinazouzwa mitumba zina tako, yaani sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo, nene, nyuzi 10 mpaka 14. Tako hilo limetengenezwa kwa mchanga laini na nyasi nyingi. Kwenye ardhi kavu linagonga chini, linaruka, na ukingo wa fimbo unakutana na tumbo la mpira. Mpira unakimbia chini kwa chini mita 50 wakati ulitaka 15. Mpigaji anajilaumu bure. Kwa kiangazi tafuta weji ya nyuzi 4 mpaka 6 za tako. Kama huna, acha kabisa kuinua mpira: chukua ayani namba 8, mpira ukae karibu na mguu wa kulia, mikono mbele kidogo ya mpira, bembea fimbo kama unasukuma mpira kwenye grini. Utaruka kidogo na kubingirika sehemu kubwa. Hauna sifa, lakini unaokoa mikwaju mingi kuliko weji.

Ayani usizifanyie mazoezi juu ya ardhi ya saruji namna hiyo, utaumia kiwiko. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 90, kina sentimita 10, jaza mchanga usawa wa ardhi. Ukizungushia ubao, uzamishe sentimita 3 chini ya mchanga, fimbo isije ikaugonga. Chora mstari kwa kidole, ukikatiza njia ya fimbo. Bila mpira, piga mara 10 kwa ayani namba 9. Kovu la fimbo lianze kwenye mstari au mbele yake, upande wa unakolenga. Likianza sentimita 5 nyuma, ungekuwa na mpira ungechimba kwanza na mpira ungefika nusu ya safari. Sababu karibu kila mara ni uzito kubaki mguu wa nyuma kwa hamu ya kuubeba mpira juu. Mpira haubebwi, mteremko wa uso wa fimbo ndio unaoupandisha. Ukipata 8 kati ya 10 mara tatu mfululizo, weka mpira kwenye mstari.

BintiGungu (Kigoma)

Shikamooni kaka zangu. Niongeze grini, maana mtu anaweza kuitengeneza mwenyewe. Viwanja vingi vidogo vya Afrika visivyo na maji ya kumwagilia vilitumia grini za mchanga badala ya nyasi, na zinafaa sana kwa mazoezi. Duara la kipenyo cha mita 14 linatosha. Palilia mpaka udongo mtupu, mwagia maji, shindilia, kisha tandaza mchanga uliochekechwa, unene wa sentimita moja hivi. Ukizidisha, mpira unazama na kusimama. Kabla ya kusukuma, buruta gunia lililojazwa mchanga kidogo kutoka kwenye mpira mpaka shimoni, upate njia safi. Wengine huchanganya mchanga na oili chafu usipeperuke. Msifanye hivyo karibu na kisima au ziwa, maji ya kawaida asubuhi yanatosha.

Shimo halisi lina kipenyo cha milimita 108. Kipande cha bomba la maji taka la inchi nne kina nje milimita 110, kwa hiyo ndani ni kidogo kuliko shimo la kweli. Zika hilo. Ukizoea dogo, la uwanjani halikutishi.

Zoezi lenyewe: piga misumari miwili mirefu ardhini sentimita 30 mbele ya mpira, nafasi kati yao sentimita 6. Mpira upite bila kugusa. Usipopita hapo, usilaumu mteremko, uso wa fimbo ndio uliopinda. Fanya kutoka mita 1, kisha 1.5, mipira 20 kila sehemu. Kisha acha shimo, simama mita 6, 9 na 12, na shughulikia umbali tu: mpira uishie ndani ya hatua moja ya alama. Kusukuma mara tatu kunatokana na mkwaju wa kwanza kuwa mfupi au mrefu, mara chache na upande. Na msijisulubu kwa mita mbili na nusu. Kwa uchambuzi wa profesa Mark Broadie wa Columbia University, hata wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour wanaingiza karibu nusu tu kutoka mita 2.4.

MwembeMkubwa (Isevya, Tabora)

Marahaba dada. Kwa hiyo mnaafikiana kwamba siri iko kwenye grini?

KadiMfukoni (Mwanga, Kigoma)

Siafiki, mkuu. Huyo huyo Broadie alionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya wazuri na wa kawaida inatoka kwenye mikwaju ya mbali, si grini. Ukisukuma vizuri lakini mpira umefika grini kwa mkwaju wa tano, umeokoa nini?

Jibu la kila mtu liko kwenye kadi yake. Kwa kila shimo andika mambo manne: mkwaju wa tii (wa kuanzia shimo) ulibaki mchezoni au ulileta adhabu, mkwaju wa kwenda grini ulianzia mita ngapi, ndani ya mita 50 ulipiga mingapi kabla ya kufika grini, na ulisukuma mara ngapi juu ya grini. Raundi tatu zinatosha kuona. Adhabu zikiwa nne kwa raundi, hapo ndipo pa kuanzia, maana mpira nje ya mipaka unakula adhabu na unarudi kupiga ulipokuwa. Ukisukuma mara 40, sikiliza BintiGungu kwanza.

Kuhusu adhabu, pima mtawanyiko wako. Nenda kwenye uwanja wazi usio na watu wala mbuzi, piga mipira 20 kwa drayva (fimbo ndefu ya kupiga mbali), tembea uhesabu hatua kutoka wa kushoto kabisa mpaka wa kulia kabisa. Ondoa miwili mibovu kuliko yote. Tuseme imebaki hatua 60. Basi ukiwa kwenye tii yenye mipaka upande wa kulia, kulenga katikati ya njia yenye upana wa hatua 40 ni kukubali adhabu mapema. Hamishia katikati ya mtawanyiko kushoto, kwenye nyasi ndefu zisizo na adhabu, au chagua fimbo fupi zaidi mpaka mtawanyiko uingie. Simika kijiti cha mpira upande ule ule wa hatari, upate pembe ya kuikimbia.

Kwenye mkwaju wa grini, lenga katikati ya grini na si bendera, na chagua fimbo inayofika katikati kwa pigo la kawaida. Watu huchagua fimbo kwa pigo bora walilowahi kupiga, ndiyo maana mipira yao huishia mbele ya grini, na bunka nyingi ziko huko huko.

FundiWaCheyo (Tabora)

Kaka KadiMfukoni amenikumbusha kitu kinachowaumiza wa Tabora wakifika Dar. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inaongeza umbali kwa karibu asilimia 4 hadi 5. Ayani inayokufikisha mita 140 kwetu, Lugalo itakupa 133 au 134. Ongeza fimbo moja. Kigoma mko mita 770 na kitu pale ziwani, kwenu pungufu ni kama asilimia 3. Na wa Tabora jihadharini na kiangazi: mpira unaserereka mita nyingi kwenye ardhi kavu, kwa hiyo pima pale ulipotua, si ulipoishia.

Ipuli_77

Na mwalimu je? Huku hakuna.

BintiGungu (Kigoma)

Video, ndugu yangu, mtumie mwalimu aliye mbali. Picha mbili: moja simu ikiwa mbele yako kimo cha kifua, nyingine nyuma yako kama mita 3, kimo cha mikono, imeelekea unakolenga. Simu isimame juu ya kitu, isishikwe na mtu, maana pembe ikihama kidogo mwalimu anaona kosa ambalo halipo. Rekodi kwa mwendo wa polepole, jua likiwa nyuma ya simu. Tuma mapigo matatu ya ayani namba 7, likiwemo baya. Omba badiliko moja na zoezi moja, kaa nalo wiki tatu kabla ya kuomba jingine.

NyavuZaKibirizi (Kigoma)

Bunka zimesahaulika, na ufukwe tunao. Chagua mchanga mkavu wa juu, ule wa majini umekaza na fimbo itadunda. Chora mistari miwili, sentimita 5 nyuma ya mpira na sentimita 10 mbele yake. Geuza uso wa weji uangalie juu kwanza, ndipo ushike. Fimbo iingie mstari wa nyuma na itoke wa mbele, mchanga wote wa katikati uruke. Usisimamishe fimbo ikishaingia, hiyo ndiyo sababu mpira unabaki ndani. Zana ya tako nene aliyoikataa FundiWaCheyo ndiyo inayotakiwa hapa. Uwanjani usiguse mchanga nyuma ya mpira kabla ya kupiga wala kwa pigo la majaribio, ni adhabu ya mikwaju miwili.

Kibirizi nendeni jioni, baada ya kina mama kukusanya dagaa, na simameni upande ambao upepo haupeleki mchanga kwenye vichanja vyao.