Acheni kuzimwagia mafuta shata za kamera za zamani!

Naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha. Kamera yangu ya kukunja yenye shata (kifaa kinachofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye filamu) aina ya Compur-Rapid ilikuwa na ila moja tu: spidi za polepole zilikwama, sekunde 1 ikawa 3 au 4. Niliipeleka kwa fundi, ikarudi ikilia vizuri kwenye spidi zote, nikalipa na kushukuru. Wiki chache baadaye vibamba vya shata vikaanza kufunguka kwa uvivu, kisha vikagoma kufunga, na filamu nzima ikaungua kwa mwanga. Nilipoifungua nilikuta vibamba vinang'aa kwa mafuta mepesi ya kupuliza, yale yale ya kulegezea nati zenye kutu.

Nilipomuuliza, alinijibu kwamba kila chuma kinachosuguana na chuma kinahitaji mafuta. Si kweli hata kidogo! Vibamba hivyo ni vyembamba mno na hulaliana, hivyo utando mdogo tu wa mafuta huvigandisha kama vioo viwili vilivyolowa, na springi iliyoundwa kuvirusha vikiwa vikavu kwa 1/500 ya sekunde haina nguvu ya kuvibandua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ubovu wa awali haukutokana na upungufu wa mafuta, bali na mafuta ya miaka mingi yaliyoganda kwenye gia za kuchelewesha, zile zinazoongoza spidi za polepole. Ilitakiwa kuyaondoa: kuosha gia hizo kwa nafta safi (kiowevu kinachoyeyusha mafuta), kuziacha zikauke, kisha kuzijaribu, kwani mara nyingi huzunguka vyema bila kuongezwa chochote. Mafuta ya kupuliza huyalainisha yale yaliyoganda kwa muda, ndiyo maana kamera huonekana imepona siku ya kuichukua, lakini tope linalobaki hutambaa hadi kwenye vibamba. Palipo na haja ya kulainisha, hutumika mafuta ya saa, kwa ncha ya sindano, kwenye egemeo la mhimili, na si kwenye vibamba kamwe.

Nimeiosha mwenyewe mara tatu na bado mafuta yanachuruzika kutoka kwenye pembe nisizozifikia. Fundi anashikilia kwamba kamera ilikuwa inafanya kazi ilipoondoka mezani kwake. Nataka anirudishie fedha zangu, na aache kuiita kazi hiyo huduma kamili.