Nyaraka za mgogoro wa ardhi ya Wameru wa 1951: nianzie wapi mtandaoni?

Mwanafunzi wa Moshi

Wanajukwaa, salaam, kwa wakubwa, shikamooni. Ninasomea ualimu wa Historia, mwaka wa tatu, hapa Moshi, na andiko langu la utafiti linahusu Wameru walioondolewa Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, mnamo Novemba 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi. Msimamizi wangu amenirudishia sura ya kwanza kwa sababu karibu marejeo yote yametoka kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni na vitini vya kujiandalia mitihani. Zaidi ya hayo, makala mbili nilizotajiwa na programu ya akili unde zimetafutwa na kukutwa hazipo kabisa, jambo lililonitia aibu kubwa. Kwa sasa sina uwezo wa kwenda kukaa Dar es Salaam wiki mbili ili nisome kwenye Nyaraka za Taifa. Naomba kuelekezwa tovuti ambazo mwanafunzi asiye na fedha za kulipia makala anaweza kuzitumia, tena kwa simu na kifurushi kidogo.

Mkutubi, Arusha

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijataja tovuti yoyote, jiulize kwanza: mwaka 1951 aliyeitawala Tanganyika aliwajibika kwa nani? Ukishajibu hilo utajua karatasi zilikwenda wapi. Kenya ilikuwa koloni, na mambo yake yaliishia London. Tanganyika, tangu 1946, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo Mwingereza alitakiwa kupeleka taarifa kila mwaka, nao wananchi waliruhusiwa kuliandikia Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja huo kilichosimamia nchi hizo, malalamiko yao moja kwa moja. Ndiyo njia aliyoitumia Kirilo Japhet alipokwenda New York mwaka 1952 kuwasemea Wameru, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo Moshi unapoishi.

Kwa hiyo anza na maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa, ambayo husomwa bila malipo. Usitafute kwa neno «Meru» peke yake, maana utaletewa Meru ya Kenya mpaka uchoke, na «Nanyuki» hali kadhalika. Tumia alama za hati: malalamiko yaliyotoka Tanganyika yana alama inayoanza na T/PET.2, na ukiiandika pamoja na mwaka 1951 au 1952 utapunguza sana yasiyokuhusu. Soma pia taarifa za ujumbe wa ukaguzi uliotembelea Tanganyika mwaka 1951 na ule wa 1954, pamoja na kumbukumbu za mijadala ya Baraza, kwa kuwa humo utamkuta mjumbe wa Uingereza akijitetea kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa makala za wasomi, JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, humruhusu mwenye akaunti ya bure kusoma makala hadi 100 kila siku 30, ingawa ni kwenye skrini tu bila kupakua. AJOL, tovuti ya majarida inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini, ina majarida mengi ya Afrika, na mengi kati yake hupakuliwa bure. Tena, kabla hujalipa hata senti moja, muulize mkutubi wa chuo chako kama chuo kimejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu. Nywila zake hupewa taasisi, si mtu binafsi, nami nimewahi kuona nywila ikikaa ndani ya droo mwaka mzima kwa sababu hapakuwa na mwanafunzi aliyeiulizia.

Mwalimu mstaafu, Usa River

Namuunga mkono mkutubi, lakini mgogoro huu haukuanza 1951. Ardhi ya kuzunguka Mlima Meru ilianza kugawiwa walowezi wakati wa Wajerumani, na tume ya Jaji Mark Wilson, iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi na kutoa taarifa yake mwaka 1947, ilikuta jeraha la zamani. Kwa kipindi cha Wajerumani, Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani imeweka mtandaoni majalada ya ofisi ya makoloni, kundi R 1001. Ukitafuta, andika kama walivyoandika wao: Aruscha, Moschi, Kilimandscharo. Nakuonya tu kwamba mengi yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa taabu.

Kwa upande wa Waingereza, orodha ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London, iko wazi kwa kila mtu. Tazama kundi CO 691 la majalada ya ofisi yao ya makoloni, na kwa miaka inayofuata CO 822. Mara nyingi utaona jina la jalada tu, si kurasa zake, lakini hata jina na tarehe hukusaidia kujua serikali ilikuwa ikihangaika na nini.

Kuna pia picha za wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California. Zitazame vizuri, ila maelezo ya chini ya picha usiyaamini upesi, kwani ni ya aliyeshika kamera.

Na binti yangu, Ngarenanyuki, ndiyo hiyo Engare Nanyuki, si mbali na Moshi. Aliyekuwa mtoto wa miaka minane siku ya kuondolewa sasa amevuka themanini. Tovuti zitakusubiri, yeye mfuate kwanza.

Mwanafunzi wa Moshi

Nawashukuru sana. Jana usiku nimeingia kwa alama ya T/PET.2 na nimeshapata hati za kusoma, na Jumamosi ninakwenda Ngarenanyuki pamoja na mwenzangu anayejua Kimeru. Bado jambo moja linanitatiza: hati hizi nyingi hazina mwandishi wala mchapishaji, na anwani ya ukurasa ni ndefu mno. Nizitaje vipi?

Mkutubi, Arusha

Taja Baraza la Udhamini mahali pa mwandishi, kisha kichwa cha hati, alama yake yote pamoja na namba za mwisho, na tarehe. Anwani ya ukurasa huweza kubadilika, ila alama haibadiliki, na msimamizi wako akiiandika ataikuta hati ileile. Kwa mzee utakayezungumza naye, andika kijiji na tarehe ya mazungumzo, na umwombe ruhusa kabla hujaandika jina lake.